Kung'oa Mataruma

Nimelilaza gitaa la besi mezani,
juu ya taulo la kuogea, kifua wazi.
Nyuzi nne nimezilegeza, nikazitoa,
nikazikunja duara duara
nikazitia kwenye kopo la kahawa.

Imebaki shingo.
Vyuma ishirini vimelala kama mataruma ya reli,
vimelika, ila si vyote.
Cha tatu kimechimbika kama kizingiti cha kanisa,
cha tano vivyo hivyo.
Cha kwanza kingali king'aavu, hakijaguswa.
Nasoma hapo harusi zote alizopiga baba,
Jumamosi kwa Jumamosi, miaka thelathini:
alicheza alipopajua.

Alilinunua mpakani kwa Mcheki mmoja
kwa pikipiki yake na viatu vipya vya kazini.
Mama alinuna wiki nzima,
kisha akacheza nalo sikukuu ya Mtakatifu Barbara
mpaka kisigino kikang'oka.

Fundi wa mjini alilibisha kwa kidole.
Kubadili vyuma, alisema, ni bei ya gitaa jipya.
Tupa.
Nikanunua koleo la kung'olea misumari,
nikalisaga midomo ikawa bapa.

Chuma cha kulehemu nakituliza juu ya kila taruma
mpaka gundi ya kale inukie
kama sukari iliyoungua sufuriani,
kisha nauma, nainua,
milimita, milimita.
Ukiwa na pupa ubao hutoka vibanzi.
Kwenye cha tisa nilikuwa na pupa.
Nilitukana kwa Kisilesia
na ule ufa wa ukutani ukanisikiliza.

Nyumba zetu hapa Bytom zimekaa juu ya utupu.
Walitoa makaa chini, ardhi ikashuka bila haraka.
Ukiangusha punje ya pilipili manga jikoni
nenda ukaitafute chini ya jiko.
Humu hakuna kilichonyooka
isipokuwa shingo hii,
nami ndiye ninayeing'oa meno.

Mianya nimeiziba kwa vipande vya ubao mweupe,
vyembamba kama ukucha.
Gundi, usiku mmoja.
Msasa wa themanini, wa mia mbili, wa mia nne,
mpaka vumbi likanikaa kwenye nyusi
na baba, akipita kwenda chooni, akasimama:
"Na wewe leo umetoka shimoni?
Vumbi lako lina rangi nzuri."

Aliitwa Alojz Mkono Mwepesi.
Mashine ya kutoboa mwamba ilimtetemesha
miaka ishirini na sita.
Sasa vidole vyake huwa vyeupe kama mshumaa
na havijui kifungo cha shati kiko wapi.
Kwa hiyo gitaa lilikaa kabatini,
nyuma ya makoti, tusilitaje.
Ila sikio halilali na njaa.

Usiku nafunga nyuzi mpya.
Nazima taa, maana macho yatanidanganya.
Hakuna chuma cha kunizuia tena,
kidole kinateleza kama soksi juu ya sakafu,
na kosa ni upana wa unywele.
Nabonyeza. Inatoka sauti kama ng'ombe mgonjwa.

Kutoka chumba cha pili, gizani:
"Panda kidogo."
Napanda.
"Mno."
Narudi nyuma, upana wa uzi wa kushonea.
Kitanda hakilii.
Sauti inakaa, inanenepa,
vikombe vinaitikia kabatini.

"Hapo."

Napapasa mstari mweupe kwa kidole gumba.
Siupati. Niko pembeni yake kidogo,
mahali ambapo hapakuwa na chuma.

"Bogna," anasema, "sasa shuka mpaka kule kwa kwanza.
Huko mimi sikuwahi kufika."

Naushusha mkono.